Hewa Niliyoambiwa Niibadilishe

Kama unasoma haya ukiwa umeketi kitandani, mito imerundikwa mgongoni kwa sababu ukilala chali unahisi mtu amekukalia kifuani, basi ni wewe ninayekuandikia. Soma polepole. Ukichoka weka kando, hakuna anayekukimbiza. Mimi nilikuwa hapo ulipo. Siku hizi nalala na mto mmoja, alhamdulillahi, ingawa hata leo nikiamka kitu cha kwanza ni kujisikiliza kifua kabla sijafungua macho.

Sitakueleza pumu ni nini. Daktari atakueleza, nawe ukifika nyumbani utakuwa umesahau yote, usijilaumu. Nitakueleza mabenchi, uso uliovimba, mavyaa wangu, na mashine yenye taa ambayo nusura inivunjie nyumba.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeolewa Nairobi. Mume wangu Athumani ana duka la misumari, rangi na mabomba kule River Road. Tunakaa Waithaka kwenye ghorofa: sisi wawili, binti yetu Nasra aliye shule ya sekondari, na mamake Athumani. Kwetu pwani mama wa mume ni mavyaa, lakini usoni mwake namwita Mama, kama anavyomwita mwanawe. Kazi yangu ni kufundisha watoto Qur'ani, kwenye madrasa moja hapo mjini, juu ya maduka.

Sasa, kusoma Qur'ani ni kazi ya pumzi. Aya ina mahali pa kusimama na mahali pasiposimamwa, na mwalimu akisimama ovyo watoto hujua. Ndivyo nilivyogundua kwamba naumwa. Kilikuwa kiangazi, vumbi la Waithaka limepanda hadi kwenye nguo zilizoanikwa, nami nikakatika katikati ya aya. Nikavuta pumzi, nikarudia, nikakatika pale pale. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaniambia kwa adabu zake zote, "Mwalimu, hapo hapana kituo." Maneno yangu mwenyewe hayo, niliyowaimbia mwaka mzima! Nikacheka, watoto wakacheka, na ndani yangu nikaingiwa na baridi.

Tukasema ni mafua. Mama akanichemshia tangawizi, akanipa habasoda na asali, akanikanda kifua. Masika yakaja, vumbi likatulia, kikohozi kikabaki. Ikaingia baridi, ile ya Nairobi ya kufunga madirisha kutwa, na jirani wa nyuma akawa anachoma taka zake kila jioni. Siku moja nikipanda ngazi na mfuko wa viazi, pumzi ikakataa kabisa. Sikuweza hata kumwita mtu. Nilikaa kwenye ngazi nikivuta hewa isiyoingia, nikawaza, basi ndiyo hivi, nitafia kwenye ngazi nimekumbatia viazi.

Athumani alinikimbiza hospitali moja ya Parklands, nami nikaanza maisha ya kule. Viti vya chuma vilivyounganishwa, ili mmoja akikohoa safu nzima itikisike. Televisheni iliyonyimwa sauti. Kina mama na watoto waliofunikwa mashuka ya Kimaasai, kila mmoja akimtazama mwenzake kama kwamba ndiye aliyeuleta ugonjwa. Nilikaa pale mpaka nikawa nakitambua kikohozi kabla sijamwona mwenyewe. Wananiwekea kile kifuniko cha mvuke usoni, kifua kinafunguka, halafu mikono inatetemeka na moyo unaenda mbio hadi nashindwa kushika kikombe. Hakuna aliyeniambia kwamba kutetemeka kule ni kwa dawa. Nilidhani sasa moyo nao umeanza. Kwa hiyo nakwambia wewe: ni dawa, kutapita.

Vidonge nilivyopewa vya kutuliza kifua navyo viliniviringisha uso. Pete ya ndoa ikagoma kutoka kidoleni. Nikawa na njaa ya ajabu, nakula nimesimama. Mamake mwanafunzi mmoja akanikumbatia, "Mashallah mwalimu, hongera! Una miezi mingapi?" Nikamwambia miezi ya pumu. Nilitania, lakini nilipofika nyumbani nililia mbele ya kioo, kwa kuwa yule wa kwenye kioo sikumjua.

Basi, hapo ndipo daktari aliposema neno lililotupoteza. Alikuwa kijana wa Machakos, mpole, ana Kiswahili chake cha Nairobi cha haraka haraka. Akanipa inhela, akanionyesha jinsi ya kuivuta, akasimama kwenda kwa mgonjwa mwingine. Akiwa mlangoni akatugeukia, mimi na Athumani: "Lakini dawa pekee haitoshi. Lazima ubadilishe hewa huko nyumbani."

Wewe msomaji wa Nairobi umeelewa mara moja. Subiri. Kwetu pwani, mtu aliyeugua huambiwa akabadilishe hewa, maana yake afunge safari, akakae kwa jamaa mahali pengine hadi rangi yake imrudie. Na hapa Nairobi, ukimuuliza mtu nyumbani ni wapi, hakutajii anakolala, anakutajia kwao. Unganisha hayo mawili uone Athumani alisikia nini. Jioni hiyo hiyo Mama alikuwa ananikunjia kanga kwenye sanduku. "Umeagizwa na daktari," akasema. "Nenda kwenu ukabadilishe hewa."

Nikarudi Mombasa kwa mamangu. Na ubaya wa mambo ni kwamba nikapata nafuu! Nilipumua. Nilisoma aya ndefu bila kukatika. Athumani akipiga simu ananisikia sauti, anafurahi, "Sauti imerudi! Kaa kwanza, usifanye haraka." Ile "kaa kwanza" yake ikawa haina mwisho. Majirani wakija kuniona wanauliza, "Kwema lakini?" huku macho yakitafuta talaka. Nasra ananiambia kwenye simu kwamba Bibi ndiye anayepika, kwamba darasa langu limepewa mwalimu mwingine, ananieleza kwa upole hadi nikajua anayachagua maneno. Nilianza kuogopa kupona. Kila nilipovuta pumzi safi nilihisi nimejiongezea ushahidi kwamba Nairobi si mahali pangu tena, wala mume, wala mtoto. Nilikuwa mgonjwa nikiwa na wangu, na mzima nikiwa mbali nao. Ungechagua nini?

Nilirudi wakati wa vuli kwa ajili ya kliniki tu, na kabla juma halijaisha kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Tukaenda Parklands, Athumani kanishika mkono, uso umemsawijika. Najua alikuwa ameshaamua kunirudisha.

"Mlibadilisha hewa?" daktari akauliza.

"Tulibadilisha sana, daktari," akasema Athumani. "Amekaa Mombasa tangu wakati wa baridi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mombasa? Nani alisema Mombasa?"

"Wewe. Ulisema akabadilishe hewa nyumbani."

"Si nilimaanisha hewa ya nyumba! Muangalie moshi, vumbi. Muweke filta, ile mashine ya kusafisha hewa, kwa chumba ya kulala."

"Nyumbani ni Mombasa," Athumani akashikilia, maskini.

"Boss, nyumbani ni mahali mnalala!"

Nilicheka mpaka ikabidi niwekewe mvuke. Halafu chini ya kile kifuniko kicheko kikageuka. Miezi yote ile. Mwanangu kajifunza kusuka nywele zake mwenyewe.

Sasa hapa ndipo nitakapokufaa. Kutafuta mashine ya kuchuja hewa ukiwa huna pumzi ni mtihani, kwa sababu kila mtu ana yake ya kukuuzia. Athumani ni mtu wa River Road, anaamini hakuna kitu duniani kisichopatikana River Road. Jamaa mmoja wa duka la simu akatutolea kijimashine kama birika, kinatoa ukungu, kina taa za rangi rangi na vichupa vya manukato. "Mama, hii ni noma. Inasafisha hewa hadi inanukia!" Tukabeba. Usiku chumba kikawa kama bafu, na baada ya siku chache ukuta nyuma ya kabati ukaota ukungu mweusi. Nasra alipokiona akashika kichwa. "Mum, zii. Hii inaongeza maji kwa hewa. Haichuji kitu!"

Ya pili ilitoa harufu kali, kama ya waya unaoungua. Muuzaji akasema hiyo ndiyo harufu ya usafi. Nilikohoa hadi nikatapika. Nilipomuuliza daktari akaniambia mashine yenye kutoa harufu yoyote, iwe tamu iwe ya umeme, nisiiingize ndani, maana zingine zinazalisha hewa ya kuwasha mapafu.

Ya tatu ndiyo hii niliyo nayo. Haina urembo. Ina feni inayovuta hewa na chujio nene la karatasi iliyokunjwakunjwa, wenyewe wanaliita hepa, na nje yake kuna wavu wa kunasa nywele na vumbi kubwa ambao wafagia mwenyewe. Uliza mambo machache kabla hujafungua mkoba. Inatosha chumba cha ukubwa gani? Ukinunua ya chumba kidogo ukaiweka sebuleni itanguruma bure. Chujio likijaa, jipya linapatikana hapa mjini, au ndiyo utaanza kuagiza ng'ambo? Mwambie aiwashe usikie kelele yake, kwa kuwa wewe ndiye utakayelala nayo. Isukume mbali na pazia. Funga dirisha jirani anapochoma taka, lifungue anapomaliza. Na usije ukaiacha inhela eti kwa kuwa umenunua mashine. Mashine si dawa.

Halafu ifungue kabla hujaiwasha! Sisi ni watu wa kuacha nailoni kwenye kila kitu kipya: rimoti, godoro, viti vya gari. Athumani aliiona nailoni iliyovishwa lile chujio ndani, akafurahi, akairudisha vizuri ili chujio lisichafuke. Lisichafuke! Tukakaa siku kadhaa tukisikiliza feni ikihangaika na mimi nikihangaika, mpaka Nasra akaifungua kwa udadisi wake. Usiku ule nililala. Nakumbuka niliamka kwa adhana ya alfajiri na mto mmoja ulikuwa umeanguka chini, nami sikuwa nimeutafuta.

Mashine hii ina taa. Kijani, hewa safi. Njano, angalia. Nyekundu, hewa mbaya, na hapo feni hunguruma kama yenye hasira. Na kila Alhamisi baada ya Magharibi, ilikuwa nyekundu.

Alhamisi jioni Mama hufukiza udi. Amefanya hivyo tangu ni mwari. Anaweka makaa kwenye chetezo, anatia kipande cha udi, moshi unazunguka nyumba nzima, naye anakaa anasoma Yasini. Nyumba isiyofukizwa, kwake, ni nyumba isiyo na mtu. Mashine iliponguruma mara ya kwanza aliikodolea macho tu. Mara ya pili akaniuliza ina nini. Nikamwambia haina kitu, Mama, ni umeme. Sikuweza. Ungemwambia mama mzima, aliyekukanda kifua kwa mikono yake, kwamba ibada yake inakukaba roho? Lakini hakuwa mjinga. Mara nyingine ilipowaka akafunga msahafu.

"Yanisuta," akasema. "Kila Alhamisi yanitolea jicho jekundu, ndani ya nyumba ya mwanangu."

"Mama, mashine haimjui mtu."

"Basi mimi naijua. Mmoja wetu aondoke."

Athumani akaja, akasimama kati yetu na mfuko wa mkate mkononi, hajui aanze na nani. Usiku aliniambia, "Mama ni mama." Nikamjibu, "Na mimi ni nani?"  Tukapata suluhu ya uongo: Mama afukize chumbani kwake, mlango ufungwe. Moshi ukapita chini ya mlango. Nikawa kila Alhamisi nashikwa na wasiwasi tangu mchana, naitazama ile taa nikiombea ibaki kijani, namsikia Mama akihesabu makaa, nami najipigia hesabu ya safari ya Mombasa. Nilijua likitokea jingine, mwenye kufungiwa sanduku ni mimi. Mama alikuwa mtu wa nyumba. Mimi nilikuwa mtu mwenye nyumbani kwingine.

Likatokea kweli, baridi iliporudi. Nilikuwa na mafua, kifua kimebana tangu asubuhi, nimelala. Nasra ameshahamia shule ya bweni, Athumani hajafunga duka. Ikawa Alhamisi, na Magharibi ikaingia. Mama akaja mlangoni akaniona ninavyovuta pumzi kwa mabega. Akaingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hufanya anachokijua. Akaleta chetezo chumbani kwangu, akakiweka karibu na kitanda, akakaa kunisomea Yasini.

Taa ikawa nyekundu. Feni ikanguruma. Nikataka kusema, neno halikutoka hata moja. Nikanyoosha kidole kwenye chetezo. Mama akaona kidole, akaelewa kwamba nautaka udi. Akakisogeza karibu zaidi. "Haya mwanangu, haya, vuta baraka."

Sijawahi kuogopa vile, na naomba nisiogope tena. Namwona, ananipenda, ananiua, na siwezi kumwambia. Nikakigeuza kidole, nikaionyesha mashine. Nyekundu. Nikaonyesha chetezo. Nikajishika koo. Mama akaangalia mashine, akaangalia moshi, akaniangalia mimi, na nikaona uso wake unavyoelewa. Hakutafuta kitambaa. Alikibeba kile chetezo kwa viganja vitupu, akakimbia nacho hadi kwenye bomba la veranda, nikasikia makaa yakilia kwenye maji. Akarudi akafungua dirisha, akatafuta inhela kwenye meza, ile aliyokuwa akiiita pampu ya wazungu, akaniwekea mdomoni mwenyewe. "Vuta. Vuta, mwanangu. Tena."

Athumani alitukuta tumekumbatiana sakafuni. Akatupeleka Parklands kwenye gari la jirani. Nesi akatutazama, mimi na kifua changu, Mama na viganja vilivyobabuka, akauliza mgonjwa ni nani. Kila mmoja wetu akamwonyesha mwenzake.

Tulikaa kwenye vile viti vya chuma, zamu yetu ya kumwona daktari haijafika, yeye kafungwa bandeji, mimi nimeshapewa mvuke. Akaniambia bila kunitazama, "Nilikuwa nakuombea."

"Najua, Mama."

"Mbona hukuniambia siku zote zile?"

"Niliogopa utaondoka. Au mimi ndiye nitaondolewa."

Akanifunika mabega kwa kanga yake, kwa ncha za vidole. Halafu akasema, "Hakuna wa kwenda kubadilisha hewa tena. Hewa ndiyo itakayobadilishwa."

Sasa ni kiangazi tena. Nimerudishiwa darasa langu, na ile aya naimaliza, ingawa nikiikaribia bado moyo hunipiga. Chujio nimelibadilisha mara moja. La zamani lilitoka na weusi wa masizi, nikalitazama nikijua ule weusi ulikuwa uishie wapi. Siku nyingine nakohoa. Inhela haitoki mkobani. Sikudanganyi kwamba yamekwisha.

Na kila Alhamisi, Magharibi ikishaingia, Mama huchukua chetezo chake na kiti, akateremka hadi uani, akafukiza na kusoma huko huko, na wapangaji wa chini wamezoea, wengine humletea nguo zao zifukizwe. Akimaliza hupanda ngazi, akasimama nje ya mlango na kukung'uta kanga zake, mbele na nyuma. Kisha huuliza kutoka hapo nje, "Yasemaje?" Nami huchungulia mashine, nikamjibu, "Kijani, Mama, ingia."

Alhamisi iliyopita alifungua mlango kidogo aulize, nao upepo ukaingia na harufu yake ya udi. Taa ikageuka njano. Kulikuwa na mvua isiyo ya msimu, naye amelowa mabega, anatetemeka. Nikasema, "Kijani, Mama. Ingia."

Akaingiza kichwa, akaiangalia mashine, akaniangalia mimi.

"Muongo wewe," akasema, akaufunga mlango, akabaki nje akikung'uta kanga.